Sherehe ya Mtoto Ianze Saa Tatu Asubuhi

Katika miaka niliyolea watoto wadogo hapa Kampala nimealikwa kwenye sherehe nyingi za siku ya kuzaliwa, za majirani, za wafanyakazi wenzangu na za ndugu zetu wa Bombo, na karibu katika zote nimeona jambo lile lile: keki ni ya mtoto, maputo ni ya mtoto, jina lililobandikwa ukutani kwa karatasi za kung'aa ni la mtoto, lakini saa ni ya watu wazima. Naandika kuhusu saa kwa sababu naamini kwamba ndiyo inayoamua kama mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne ataifurahia siku yake au ataivumilia tu, na kwa sababu ni jambo ambalo mzazi anaweza kulibadilisha bila kutoa hata shilingi moja ya ziada.

Kadi ya mwaliko kwa kawaida husema saa nane mchana. Wenyeji wanajua kwamba hakuna atakayefika saa nane, na wageni wanajua kwamba wenyeji wanalijua hilo, kwa hiyo watu huanza kuingia saa kumi, mshereheshaji hupima vipaza sauti vyake saa kumi na nusu, na hotuba huanza vivuli vya hema vikiwa vimekwisha kurefuka. Baba mkubwa husema, kisha msemaji wa upande wa mama, kisha rafiki wa baba kutoka kazini, na kila mmoja hutambulisha aliokuja nao. Wakati wote huo keki iko mezani imefunikwa. Katika sherehe moja ya namna hiyo mwenye siku, msichana aliyekuwa akitimiza miaka mitatu, alilala saa kumi na mbili jioni mapajani mwa shangazi yake, gauni lake la waridi limepanda magotini, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine kimeanguka chini ya kiti. Saa moja na robo usiku mshereheshaji aliliita jina lake. Walimwamsha, wakampangusa uso kwa kitambaa chenye maji, wakamsimamisha mbele ya mishumaa na mwanga wa kamera, na mtoto akaangua kilio cha mtu asiyejua yuko wapi. Mishumaa ilizimwa na kaka yake. Picha zilipigwa hivyo hivyo, na mama yake, ambaye alikuwa ameweka akiba kwa miezi kadhaa ili kuiandaa siku ile, alisimama pembeni akijikaza kutabasamu. Nilimwonea huruma sana, maana chakula kilikuwa kizuri, wageni walikuwa wa heshima na mtoto alikuwa amevalishwa akapendeza. Kilichokosekana ni kwamba mtoto wa umri ule haamshwi usiku akacheka.

Usingizi wa mtoto si jambo la kudeka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka 5, linapendekeza saa 11 hadi 14 za usingizi katika kila siku kwa mtoto wa mwaka 1 au 2, na saa 10 hadi 13 kwa mtoto wa miaka 3 au 4, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Mtoto aliyeamka na majogoo saa kumi na mbili asubuhi, kama wanavyoamka wengi, huwa mchangamfu kuliko wakati wowote kati ya saa mbili na saa tano. Ikifika saa saba macho yanaanza kuwa mazito, na ikiwa atalazimishwa kukesha mchana ule kwa sababu wageni wanakuja, basi jioni utakuwa na mtoto ambaye hata zawadi haitaki. Isitoshe, sisi tunaishi karibu na Ikweta, ambako jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na shughuli iliyoanza kwa kuchelewa haiwezi kukimbilia mchana mrefu wa kiangazi kama ilivyo kwa walioko mbali kaskazini. Giza linaingia, na mbu wanaingia nalo. Mbu wanaoeneza malaria huuma kuanzia machweo hadi alfajiri, na wanaoumizwa zaidi na malaria katika nchi hii ni watoto wa chini ya miaka 5, yaani wale wale tuliowaketisha uani wakiwa na gauni za mikono mifupi na miguu wazi wakisubiri keki.

Nadhani desturi hii ya jioni tumeirithi kutoka katika shughuli za wakubwa. Harusi, kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), hata chakula cha kumwaga anayesafiri, vyote vimezoeleka kuanza mchana na kuendelea hadi usiku, na mtu akitaka kumfanyia mwanawe jambo la heshima huchukua kipimo kile kile cha harusi na kukipunguza kidogo. Lakini shughuli yetu ya zamani ya mtoto, ile ya akika, haikupangwa hivyo. Siku ya saba baada ya kuzaliwa mbuzi huchinjwa, wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, nywele za mtoto hunyolewa na thamani ya uzito wake kwa fedha hutolewa sadaka, na nyumbani kwetu Bombo haya yote yalikuwa yakimalizika asubuhi. Mtoto alipitishwa mikononi mwa wazee, akaombewa dua, akapewa jina lake, kisha akarudishwa chumbani kwa mama yake akalala, huku watu wakiendelea na pilau bila yeye. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mwenye shughuli hayupo ukumbini. Wazee wale walijua kwamba sehemu ya mtoto ni fupi na sehemu ya wakubwa ni ndefu, wakaziweka mbali mbali.

Nilipopendekeza kwa mara ya kwanza kwamba siku ya kuzaliwa ya mwanangu mdogo ifanyike asubuhi, mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Jaja, alishangaa. "Mwanangu," aliniuliza, "saa tatu asubuhi atakuja nani? Watu watakuwa bado wanafua." Nikamjibu, "Mama, watakuja wenye watoto, kwa sababu wao wameamka tangu saa kumi na mbili na hawajui wawapeleke wapi." Akafikiri kidogo, kisha akauliza lililokuwa moyoni mwake hasa: "Na sisi wazee mtatupa nini?" Nikamwambia kwamba wao tutawaandalia pilau baada ya adhuhuri, watoto wakiwa wamelala, wakae wazungumze hadi watakapochoka. "Hapo sawa," alisema, na tangu siku hiyo amekuwa mtetezi wa asubuhi kuliko mimi.

Lakini mara nyingi hatualiki watu nyumbani kabisa. Tunaifanya siku ya kuzaliwa kuwa matembezi, na mahali tunapopapenda kuliko pote ni Entebbe. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Kampala. Barabara mpya ya haraka ilipofunguliwa mwaka 2018 ilitusaidia sana sisi wenye watoto wa kutapika garini, na ingawa tangu Januari 2022 inalipiwa, shilingi 5,000 kwa gari dogo, naona ni fedha iliyotumika vizuri ukilinganisha na kukaa kwenye msongamano wa Kajjansi, katika barabara ya zamani, na mtoto anayelia. Wasio na gari hupanda taksi za Entebbe, na ushauri wangu kwao ni kuondoka mapema sana, kabla mabasi ya shule za wenzetu hayajajaa barabarani, na kumwambia kondakta mapema kwamba mnashuka na watoto, ili asiwaharakishe. Bodaboda na mtoto mdogo katika safari ya namna hii siikubali, hata kama ni ya kutoka kituoni hadi langoni tu.

Kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe, ambacho watu wote wanakiita zuu, kilianza mwaka 1952 kama mahali pa kutunzia wanyama yatima na walionyang'anywa wawindaji haramu, na hadi leo wengi wa wanyama walioko pale wana historia ya kuokolewa. Jambo hilo huwa nawaeleza watoto tangu garini, kwa maneno yao, kwa sababu mtoto anayejua kwamba sokwe yule alipoteza mama yake humtazama kwa namna nyingine, na hamtupii kokoto. Ukifika mapema baada ya malango kufunguliwa utawakuta wanyama wenyewe wakiwa wachangamfu, kwa kuwa jua bado halijawalaza. Simba aliyelala chini ya kichaka saa nane mchana, ambaye mtoto anaonyeshwa mkia wake tu, asubuhi huweza kuonekana akitembea, na watunzaji huwa katika pilika za kulisha.

Mwanangu wa miaka minne alisimama kwa muda mrefu mbele ya korongo mwenye taji kichwani. Alimtambua mara moja. "Mama, ni yule wa kwenye bendera ya shule!" Kisha akanyamaza, akainama, akamchunguza ndege kuanzia kwenye mashavu yake meupe na kile kipande chekundu cha shingoni hadi chini. Ndipo akauliza kwa sauti ya mashaka kwa nini miguu yake yote miwili iko chini. Kwenye bendera yetu korongo ameinua mguu mmoja, na kwa mtoto yule ndege aliyesimama kwa miguu miwili alikuwa hajakamilika. Tulingoja. Baba yake alitaka tuendelee kwa twiga, dada yake alitaka kinywaji, lakini ilikuwa siku ya huyu, tukangoja. Ndege akapiga hatua, akadonoa kitu kwenye majani, akajikuna ubawa, na hatimaye akainua mguu mmoja akaukunja chini ya tumbo lake. Mtoto hakupiga kelele. Alimgeukia baba yake akamwonyesha kwa kidole, kama mtu aliyetoa ushahidi. Hatukuwahi kufika kwa twiga asubuhi ile, na hakuna aliyelalamika. Nasimulia hili kwa kirefu kwa sababu ndilo ninalolipenda katika matembezi ya asubuhi: kunakuwa na nafasi ya kungoja. Mchana wa sikukuu, mbele ya ndege yule yule, pana watu safu tatu, na mtoto hubebwa mabegani, akaonyeshwa, akaondolewa.

Kuna jambo moja la kutahadhari nalo pale. Tumbili wa Entebbe wanatembea huru, na wanaujua mlio wa mfuko wa plastiki kuliko watoto wetu wanavyoujua. Ndizi iliyoko mkononi mwa mtoto ni yao. Chakula kibaki kwenye mfuko wenye zipu hadi mtakapokaa, mtu mzima mmoja akiwa kazi yake ni kukilinda, na mtoto afundishwe mapema kwamba tumbili akikinyakua kitu asivutane naye, kwa sababu kuumwa au kukwaruzwa na mnyama wa porini si jambo la kufungia kitambaa tu. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Keki tunapenda kuikata kwenye bustani ya mimea iliyo karibu, ile iliyoanzishwa mwaka 1898 ukingoni mwa ziwa, yenye miti mikubwa ambayo watu wanne wakishikana mikono ndipo wanaizunguka. Pana nyasi pana za kukimbilia, pana kivuli, na pana mbega weusi kwa weupe wanaoruka juu kwenye matawi bila kujali waliopo chini. Mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji kujongea na kucheza kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, na sijui ukumbi wowote wa kukodi Kampala unaoweza kumpa nafasi hiyo kama nyasi zile. Ukumbi unakupa jumba la kurukia lililojazwa upepo, ambalo watoto wa miaka saba na wa miaka miwili huingizwa pamoja, na wadogo hutoka wakilia. Kwenye nyasi kila mmoja anakimbia kwa kadiri ya miguu yake. Hata hivyo nisingeshauri zuu na bustani vyote viwili asubuhi moja kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mchague mahali pamoja, mkae, na ikifika saa tano na nusu muanze kukusanya vitu.

Mvua ina tabia yake Entebbe. Bara, mvua kubwa hupenda kunyesha alasiri, lakini kando ya ziwa dhoruba mara nyingi hujengeka usiku juu ya maji na kuingia nchi kavu asubuhi, hasa katika majira ya Machi hadi Mei na yale ya Septemba hadi Novemba. Wenye watoto waliozaliwa katika miezi hiyo wawe na mpango wa pili, na wa kwangu ni Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908 na ndiyo ya kwanza katika Afrika Mashariki, na jengo la sasa limekuwa likitumika tangu mwaka 1954. Watu wengi hudhani ni mahali pa wanafunzi wakubwa na wageni kutoka ng'ambo, lakini binti yangu wa miaka sita alisahau kabisa kwamba mvua imetuharibia siku alipofika mbele ya ngoma, zeze na marimba, na huko nyuma kuna nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali, za ukubwa ambao mtoto anaweza kuinama akaingia. Kwa wa miaka mitatu, nusu saa inatosha.

Ufukwe nauweka mbali na siku ya kuzaliwa ya mtoto mdogo, na najua wengi hawatakubaliana nami, kwa kuwa mchanga na maji ndivyo watoto wanavyopenda. Katika maji ya kina kifupi ya ziwa Nalubaale, yaani Victoria, kwenye magugu, wanaishi konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, ambavyo humwingia mtu kupitia ngozi akiwa amesimama tu majini. Mtoto aliyekwisha kuchezea maji ya ziwa apelekwe kituo cha afya apimwe, maana dawa ipo na inafanya kazi. Boti ndilo jambo ninaloliogopa zaidi. Novemba 2018 boti ya starehe iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi ilizama katika ziwa hili upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha wakiwa katika furaha. Familia zao bado ziko nasi, tunakutana nazo. Kwa hiyo popote anapotokea mtu wa kutuzungusha kidogo ziwani kwa bei nafuu, kama hana koti la kuokolea linalomkaa mtoto wangu, si la mtu mzima lililofungwa kamba mara mbili, jibu letu ni hapana.

Jinja ni pazuri na tunapapenda, ila kilomita 80 kwenda na 80 kurudi siku moja ni safari ya watoto waliofikia umri wa kuuliza mto Naili unakwenda wapi. Wa miaka saba au minane akisimama pale mto unapotoka ziwani, mahali alipofika Speke, mvumbuzi Mwingereza, mwaka 1862, akaambiwa kwamba maji yale yana safari ya maelfu ya kilomita hadi bahari ya Misri, atakuwa na kitu cha kusimulia shuleni. Wa miaka mitatu atakumbuka wauza nyama na gonja (ndizi za kuchoma) wa Namawojjolo, njiani, waliokimbilia dirisha la gari, na hilo nalo lina raha yake, lakini halihitaji Jinja.

Sikukuu zinahitaji maneno yake, kwa sababu hapo saa hatuipangi sisi. Idd inaanza mapema kwa hali yoyote: watoto wanaogeshwa gizani, kanzu na magauni mapya yanavaliwa, watu wanaelekea msikitini, na ikifika saa nne watoto wamekwisha kuzunguka nyumba za jamaa na kupewa visenti vyao. Hadi hapo ni sikukuu bora kwa mtoto mdogo, kwa maana imefuata asubuhi. Taabu huanza alasiri, wakati Kampala nzima inapoamua kwa pamoja kuwapeleka watoto Entebbe, na ndivyo ilivyo pia Krismasi na siku inayofuata. Foleni ni ndefu, jua ni kali, na kila sikukuu redio hutangaza watoto waliopotea wakiwa wamevaa nguo ambazo watoto wengine wengi wamevaa. Sisi siku ya Idd tunabaki nyumbani mchana, watoto wanalala, na matembezi tunayasogeza hadi Jumamosi inayofuata. Anayelazimika kwenda siku yenyewe aandike namba ya simu ya mzazi kwa kalamu ya wino mkononi mwa mtoto, juu kidogo ya kifundo, na ampige picha asubuhi kabla ya kutoka, ili mavazi yake yajulikane.

Walimu wa nasari, kwa upande wao, walikwisha kulitatua suala hili la saa. Mzazi hupeleka keki shuleni, mapumziko ya saa nne yakifika watoto wanaketi kwenye mikeka, wanaimba, keki inakatwa, wanakula, wananawa, na kabla ya saa tano wamerudi kwenye herufi zao. Nimeshuhudia moja ya sherehe hizo nikaona nyuso zote ziko macho. Nawaomba tu wazazi wenzangu waiweke keki hiyo kuwa ya kawaida, kwa sababu mahali ambapo mzazi mmoja hupeleka keki ya ghorofa tatu, mwingine huona aibu kupeleka maandazi, na mtoto wa huyo wa pili hubaki mwaka mzima bila kuimbiwa. Mshumaa uliochomekwa kwenye maandazi huzimwa kwa pumzi ile ile.

Kuhusu chakula nitasema machache. Watoto wadogo hawali pilau ya sherehe. Wanakula chapati iliyokatwa vipande, ndizi, sambusa isiyo na pilipili, yai, na maji ya pasheni yasiyotiwa sukari nyingi. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na zabibu zisizopasuliwa zikae mbali na walio chini ya miaka minne, kwa kuwa zinaweza kuwakaba koo, na puto likipasuka vipande vyake viokotwe hapo hapo, kabla mtoto hajavitia mdomoni. Kipande chembamba cha mpira hukaa kwenye koo kama kifuniko, na ni vigumu mno kukitoa. Katika kila sherehe nampa mtu mmoja kazi hiyo ya kuokota maputo, kwa kawaida kijana wa shule ya upili anayependa kuaminiwa, na hajawahi hata mmoja kuniangusha.

Kitu kimoja cha sherehe za hapa kwetu nisingekubali kipotee kwa sababu ya kuhamia asubuhi, nacho ni kupeleka keki kwa wazee. Keki ikishakatwa vipande vidogo na kufungwa kwenye karatasi laini, mtoto mwenye siku huchukua kikapu, akaenda kwa babu, kwa Jaja, kwa shangazi, akapiga magoti mbele ya kila mmoja na kumpa kipande chake kwa mikono miwili. Nimemwona mwanangu akifanya hivyo saa nne asubuhi, akiwa macho, akijua anachokifanya, akirudi kikapuni kuhesabu waliobaki na kukataa kusaidiwa na dada yake. Jaja alimshika kichwa akamwombea dua ndefu, na mtoto alitulia magotini hadi mwisho wake, kisha akasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Saa moja usiku angelifanya kwa kusukumwa mgongoni, kama nilivyoona wengi wakifanyishwa.

Mwezi wa Desemba mtoto wa mdogo wangu atatimiza mwaka mmoja kule Bombo, na baada ya mazungumzo marefu kwenye simu familia imekubali mpango wa sehemu mbili. Watoto na mama zao wataanza saa tatu asubuhi chini ya mwembe wa nyumbani, bila vipaza sauti, na keki itakatwa saa nne. Saa sita watoto watalazwa kwenye vyumba viwili vya nyuma, ambavyo vitawekewa vyandarua na kusimamiwa na binamu zangu kwa zamu. Hema la wazee litafunguliwa baada ya sala ya adhuhuri, pilau itapakuliwa, na baba mkubwa atapewa kipaza sauti aseme yote aliyo nayo. Shemeji bado anaona kwamba marafiki zake wa kazini hawatafika asubuhi, na amekwisha kuelezwa kwamba hema la adhuhuri ni lao pia. Sambusa za asubuhi zitakaangwa na mama mdogo, aliyeahidi kuamka saa kumi usiku, nami nitatangulia huko Ijumaa jioni na watoto wangu ili nimsaidie kusukuma unga.